Jinsi ya kutengeneza ini bandia lenye vivimbe kwa majaribio ya ultrasaundi: mwongozo kamili

Maini bandia mengi huharibika kwa namna zile zile: vidoa vyeupe vya hewa vilivyotapakaa kila mahali, pete inayong'aa kuzunguka kila kivimbe, sehemu ya chini kung'aa kuliko ya juu, na kuvu kuota kabla ya mwezi kuisha. Karibu yote hayo hutokana na hewa, joto na mizani. Umbo huwa halina hatia, ingawa ndilo watu hulihangaikia zaidi.

Mwongozo huu ni wa ultrasaundi ya tumbo, yaani proba (kifaa cha mkononi kinachotuma na kupokea mawimbi) ya megahezi 2 hadi 5. Sehemu ya mwisho inaeleza kinachobadilika ukitaka kielelezo cha CT. Kwa elastografia, yaani upimaji wa ugumu wa ini, usitumie mapishi haya: jeli ya agari ya 3% ni ngumu kupita kiasi, ilhali ini lenye afya huwa na ugumu wa kilopaskali 2 hadi 6 hivi. Kazi hiyo huhitaji jeli ya PVA (plastiki inayoyeyuka majini) iliyogandishwa na kuyeyushwa mara kadhaa.

Shabaha ni mbili. Kasi ya sauti iwe karibu mita 1540 kwa sekunde, kwa sababu mashine ya ultrasaundi hukokotoa umbali wote kwa kudhani kasi hiyo. Kufifia kwa sauti kuwe karibu desibeli 0.5 kwa kila sentimita kwa kila megahezi, ili kina cha sentimita 9 kiwe kigumu kuonekana kama kilivyo kwa mgonjwa.

## Vifaa na malighafi

Kwa jeli ya ini, kilo 2:

- Maji yaliyosafishwa kwa mvuke: gramu 1660
- Gliserini: gramu 224
- Agari ya unga: gramu 60
- Unga wa silikoni kabaidi, chembe za mikromita 17 hivi: gramu 10.6
- Unga wa alumini oksaidi, chembe za mikromita 0.3: gramu 17.6
- Unga wa alumini oksaidi, chembe za mikromita 3: gramu 18.8
- Benzalkoniamu kloraidi, ya kuzuia kuvu: gramu 9.2

Kwa jeli ya vivimbe, gramu 200: maji gramu 166, gliserini 22.4, agari 6, alumini oksaidi 1.76 na 1.88, benzalkoniamu 0.92, na silikoni kabaidi gramu 0.27 tu. Sababu ya hiyo 0.27 iko kwenye hatua ya 3.

Benzalkoniamu huuzwa mara nyingi ikiwa imeyeyushwa. Kama chupa imeandikwa 50%, weka gramu 18.4 na upunguze maji kwa gramu 9.2.

Vifaa:

- Sanduku la plastiki ngumu angavu, ndani sm 10 kwa 12 na kimo sm 14, lenye kifuniko bapa na tundu dogo la kumwagia maji kwenye kona ya chini
- Fremu ya kimo cha sm 2 ya kubandika juu ya sanduku baadaye
- Kipande cha mpira wenye mifereji, unene wa mm 5, cha kutandika chini
- Uzi wa nailoni wa mm 0.1 hadi 0.2
- Kalibu za duara za vipande viwili, kipenyo mm 10 na mm 20
- Mizani inayosoma gramu 0.01, na nyingine ya kubeba kilo 3
- Kipimajoto cha kuchovya, sufuria mbili zinazoingiana, kikorogeo cha mota
- Pampu ya kuvuta hewa na chombo chake
- Sindano za kudungia za mililita 20, mpira mwembamba wa kumiminia

Vaa barakoa ya vumbi unapopima poda. Chembe za mikromita 0.3 hubaki hewani muda mrefu. Vaa glavu na miwani unaposhika benzalkoniamu, kwani huunguza ngozi na macho. Agari iliyochemka hunata ikikumwagikia, hivyo huunguza vibaya kuliko maji ya joto lile lile.

## Hatua ya 1: Andaa sanduku

Sanduku la pembe nne linatosha. Kalibu ya plastiki yenye umbo halisi la ini hupendeza kwenye picha za mradi, lakini uso wake uliopinda hukunyima jambo unalolihitaji zaidi: kujua kwa uhakika kila kivimbe kiko wapi.

Toboa matundu ya nyuzi kwenye kuta mbili zinazotazamana, ili kila uzi upite upana wa sm 10. Pima kina kutoka ukingo wa juu, na umbali kutoka ukuta wa kushoto:

- Kivimbe cha mm 10: kina sm 4, umbali sm 2
- Kivimbe cha mm 20: kina sm 4, umbali sm 4.5
- Kivimbe cha mm 10: kina sm 9, umbali sm 7
- Kivimbe cha mm 20: kina sm 9, umbali sm 9.8
- Nyuzi mbili tupu za kupimia: kina sm 3 na sm 8, zote umbali wa sm 6

Vivimbe vya chini havikai chini ya vile vya juu. Kivimbe cha juu hupindisha na kubadili nguvu ya mawimbi yanayopita ndani yake, na kilicho nyuma yake kikionekana vibaya hutajua kosa ni la mashine au la mpangilio.

Vipenyo navyo vina maana. Mfumo wa LI-RADS hutumia mm 10 na mm 20 kama mipaka ya kuainisha vivimbe vya ini, kwa hiyo hapo ndipo kosa la kupima la milimita mbili linapogharimu.

Gundisha mpira chini, mifereji ikitazama juu. Bila mpira, sakafu ya sanduku itarudisha mwangwi mkali na kuchafua picha nzima.

Umefaulu ikiwa: nyuzi mbili za kupimia zimekazwa na pengo lao, ulilolipima kwa kalipa, ni mm 50.0. Andika namba halisi hata kama ni 49.8.

## Hatua ya 2: Toa hewa kwenye maji

Chemsha maji kwa dakika 15, yafunike, yaache yapoe, kisha yaweke chini ya pampu kwa nusu saa. Ukiruka hatua hii, hewa iliyomo itajitokeza wakati wa kupika na kunaswa jeli inapoganda. Kiputo cha nusu milimita hung'aa kuliko kivimbe chako chote na huacha mkia chini yake.

Yamimine polepole kwenye ukuta wa chombo. Maji yaliyotolewa hewa yakimwagwa kwa kishindo huivuta upya mara moja.

## Hatua ya 3: Tengeneza vivimbe

Silikoni kabaidi ndiyo inayotawanya mwangwi na kuipa jeli mng'ao wake. Alumini oksaidi ndiyo inayofifisha sauti. Kwa hiyo kivimbe cheusi kuliko ini hupatikana kwa kupunguza silikoni kabaidi peke yake. Ukipunguza na alumini pia, sauti itapita kwenye kivimbe kwa urahisi mno na nyuma yake patang'aa, kama inavyotokea kwa kifuko cha maji. Daktari atasoma ugonjwa mwingine kabisa.

Hesabu ni nyepesi. Nguvu ya mwangwi hufuata idadi ya chembe: nusu ya chembe hushusha mng'ao kwa desibeli 3, robo kwa desibeli 6, na thumuni kwa desibeli 9. Jeli ya ini ya gramu 200 ingekuwa na gramu 1.06, robo yake ni hiyo gramu 0.27. Alumini nayo hutawanya kidogo, kwa hiyo tofauti utakayoipima itakuwa pungufu kidogo ya desibeli 6.

Saratani ya ini huweza pia kuonekana nyeupe kuliko ini, hasa uvimbe mdogo wenye mafuta. Kwa huo panda hadi gramu 4.24. Usiupachike kwenye sanduku hili la kwanza. Nafasi haitoshi bila kuvunja mpangilio wa hatua ya 1.

Pika kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya 4, ila kwa kiasi kidogo. Kisha:

1. Paka kalibu gliserini nyembamba. Usitumie mafuta: utando wa mafuta hubaki juu ya kivimbe na kuonekana kama ganda.
2. Laza uzi katikati ya kalibu, ifunge, ujaze kwa sindano kupitia tundu la chini hadi jeli itokee tundu la juu. Jeli iwe na nyuzi joto 50 hivi.
3. Geuza kalibu kila baada ya nusu dakika hadi igande.
4. Toa kivimbe, kikague mbele ya taa, kiweke ndani ya mchanganyiko wa maji na gliserini ya 12%. Kisikauke hata kidogo.

Tengeneza vya ziada. Cha mm 10 hupasuka kwenye uzi mara nyingi kuliko cha mm 20.

Umefaulu ikiwa: kivimbe ni duara kamili, hakitelezi kwenye uzi, na mwanga ukipita ndani yake huoni kiputo.

## Hatua ya 4: Pika jeli ya ini

Pima sufuria ikiwa tupu, kisha ikiwa na kila kitu ndani isipokuwa benzalkoniamu. Uzito huo utauhitaji.

Changanya gliserini na poda zote tatu kwanza, usage hadi upate uji laini usio na madonge. Poda ikitupwa moja kwa moja kwenye maji hushikamana, na madonge hayo huonekana baadaye kama vivimbe ambavyo hukuvipanga. Ongeza maji baridi, kisha nyunyiza agari ukikoroga.

Weka sufuria ndani ya nyingine yenye maji yanayochemka. Moto wa moja kwa moja huunguza agari chini. Funika, koroga polepole, fikisha nyuzi joto 96, uishikilie hapo kwa saa moja. Watu wengi hutoa kwenye 85 kwa kuwa agari inaonekana imeyeyuka. Haijayeyuka yote, na jeli yake huwa dhaifu yenye vijiwe visivyoonekana kwa macho ila kwa ultrasaundi.

Pima tena uzito. Upungufu wote ni maji yaliyopaa. Yarudishe yakiwa moto. Hatua hii ndogo ndiyo hurukwa kuliko zote, na ndiyo inayofanya vielelezo viwili vya mapishi yale yale kutofautiana. Kupotea kwa gramu 100 kwenye kilo 2 hupandisha kiwango cha gliserini, na kasi ya sauti hupanda pamoja nacho.

Benzalkoniamu huingia mwisho, joto likiwa limeshuka hadi 60, kwa kukoroga taratibu. Kemikali hii hutoa povu kama sabuni. Ukiianza nayo utapiga povu saa nzima. Iongeze baada ya kuvuta hewa, si kabla.

Kuhusu kuvuta hewa: jeli yenye nyuzi joto 60 huchemka shinikizo likishuka hadi karibu moja ya tano ya shinikizo la kawaida. Simamisha pampu kabla ya hapo. Mapovu makubwa yanayofumuka ghafla ni mvuke, na kila unapoendelea unapoteza maji.

Umefaulu ikiwa: kioevu ni cha kijivu sawasawa, tone lililowekwa kwenye kioo halina chembe za agari, na uzito umerudi ulipokuwa.

## Hatua ya 5: Poza na mimina

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, na muda ni mfupi. Soma sehemu yote kabla ya kuanza.

Agari ina tabia ya kufaa: ikishaganda haiyeyuki tena hadi kufikia nyuzi joto 85 hivi, lakini ikiwa kioevu hubaki hivyo hadi karibu 38. Ndiyo maana unaweza kumimina jeli ya moto juu ya vivimbe bila kuvidhuru. Jelatini haina tabia hiyo, na vivimbe vya jelatini vingeyeyuka mbele yako.

Ning'iniza vivimbe, kaza nyuzi, ziba matundu kwa silikoni ya kuzibia, iache ikauke. Jaza sanduku mchanganyiko wa 12% wa gliserini wenye nyuzi joto 40. Piga mswaki mifereji ya mpira ili hewa itoke. Acha dakika 15, kisha fungua tundu la chini umwage wote.

Sababu ni kwamba kivimbe baridi hugandisha jeli papo hapo kwenye uso wake kabla haijashikamana, na pengo hilo jembamba ndilo pete nyeupe inayolalamikiwa. Kivimbe chenye matone ya maji juu yake huleta pete hiyo hiyo. Yafute kwa ncha ya karatasi laini.

Wakati huo jeli inapoa kwenye sufuria, ikikorogwa bila kusimama. Katika maji matupu, chembe ya silikoni kabaidi ya mikromita 17 huzama karibu sentimita 2 kwa dakika. Jeli ni nzito kuliko maji, lakini ukiimimina ikiwa na nyuzi joto 60 itakuwa nyepesi vya kutosha kwa poda kutulia chini. Subiri 42. Jaribu kwanza kijiko kimoja cha jeli yako: kama inaanza kuganda kwenye 40, mimina kwenye 45.

Mimina kupitia mpira mwembamba ambao ncha yake iko sakafuni mwa sanduku, ukiupandisha kadiri jeli inavyopanda. Ijae hadi ifurike kidogo. Telezesha kifuniko kutoka upande mmoja ili hewa isibaki chini yake, kibane.

Sasa pindua sanduku zima, taratibu, kila baada ya dakika 2 kwa angalau nusu saa. Endelea hadi jeli isisogee ukiliinamisha. Usiliweke kwenye friji kuharakisha: kingo zitaganda kwanza, katikati itasinyaa baadaye, na utapata nyufa au pengo ukutani.

Jaza pia chupa mbili ndogo za sampuli kutoka sufuria hiyo hiyo. Zitakusaidia kujua kama tatizo liko kwenye jeli au kwenye sanduku.

Umefaulu ikiwa: baada ya saa 12 kwenye joto la chumba jeli imeshika kuta zote na haina mstari wa tabaka.

## Hatua ya 6: Hifadhi

Ondoa kifuniko, bandika fremu ya sm 2, mwagia juu mchanganyiko wa gliserini 12% na benzalkoniamu 0.5%. Kioevu hiki kina kazi mbili: huzuia jeli kukauka, na ndimo proba itakapochovywa, hivyo hutahitaji kupaka jeli ya ultrasaundi. Maji matupu hayafai. Gliserini ingehama kutoka kwenye ini kwenda majini, na sehemu ya juu ingebadilika kasi kabla ya ile ya chini.

Funika kwa plastiki na uweke kwenye joto la chumba. Isigande kwa baridi. Barafu huvunja jeli ya agari na haiponi.

## Hatua ya 7: Pima kabla ya kuamini

Acha kielelezo na mashine kwenye chumba kimoja chenye nyuzi joto 20 hadi 22 kwa saa kadhaa. Kasi ya sauti hubadilika na joto, kwa hiyo andika joto kila unapopima.

Kasi ya sauti. Pata picha ya nyuzi mbili za kupimia, pima pengo lao kwa vipimio vya mashine. Kasi ni 1540 mara umbali halisi gawanya kwa umbali unaoonyeshwa. Mashine ikionyesha mm 49.3 badala ya 50, kasi ni 1540 × 50 ÷ 49.3, yaani 1562. Kosa la nusu milimita hapa ni karibu mita 15 kwa sekunde, kwa hiyo rudia mara kumi uchukue wastani. Ikizidi 1560, umepoteza maji. Ikiwa chini ya 1520, gliserini ilipungua.

Usawa. Weka katikati vidhibiti vyote vya mng'ao kwa kila kina (TGC). Linganisha eneo lisilo na kivimbe karibu na ukuta wa kushoto na la kulia, kwa kina kile kile. Kisha chunguza sampuli ya chupa juu na chini.

Tofauti ya kivimbe na ini. Chora duara ndani ya kivimbe na jingine kando yake kwenye kina kile kile, usome wastani wa mng'ao. Tahadhari: rangi ya kijivu kwenye skrini imeshabanwa na kusafishwa na programu ya mashine. Zima uboreshaji wote wa picha na uandike kiwango cha desibeli kilichowekwa. Na kama mashine inatoa data ghafi, hiyo ndiyo ya kuaminika.

Ukubwa. Pima kipenyo cha kila kivimbe pande mbili. Kwa upana, cha mm 10 kwenye kina cha sm 9 kitaonekana na kingo zilizofifia kuliko pacha wake wa sm 4. Hilo si kasoro ya ini lako. Ni ukomo wa proba, na ndio hasa unaoutafuta.

## Dalili na vyanzo vyake

Vidoa vyeupe vyenye mkia: hewa. Vikiwa karibu na mpira pekee, ilinaswa kwenye mifereji. Vikiwa kila mahali, ni povu la benzalkoniamu au kumimina kwa kishindo.

Pete nyeupe: kivimbe kilikuwa baridi, kina maji au kina mafuta. Hakirekebishiki.

Chini kumeng'aa, juu kumefifia: poda ilizama. Ulimimina mapema mno au hukupindua.

Kivimbe kimehama: uzi ulilegea. Nailoni hunyooka kidogo kwenye joto, kwa hiyo kaza tena baada ya kumwaga mchanganyiko wa nyuzi joto 40.

Maji yanajitokeza juu ya jeli: agari hutoa maji kidogo ikikaa, ni kawaida. Yakiwa mengi, agari haikuyeyuka yote.

## Ukitaka kielelezo cha CT

Usiliingize ini hili kwenye CT ukitarajia namba zenye maana. Silikoni kabaidi na alumini hupandisha thamani za HU (kipimo cha Hounsfield cha mng'ao kwenye CT) kwa kiasi ambacho hakihusiani na ini. Pika agari ya 3% bila poda hizo.

Wengi huongeza dawa ya iodini. Kwa kilovolti 120, miligramu 1 ya iodini kwa mililita huongeza karibu HU 25, hivyo hesabu ni rahisi. Tatizo ni kwamba molekuli za iodini husafiri ndani ya jeli milimita kadhaa kwa siku. Kivimbe cha mm 10 cha leo kesho kina kingo za ukungu. Tumia iodini tu kama utapiga picha saa chache baada ya kumimina. Kwa kielelezo cha kudumu tumia unga wa bariamu salfeti, ambao hauyeyuki wala hausafiri, ila huzama kama poda nyingine, kwa hiyo sheria za hatua ya 5 zinabaki.

Usikisie kiasi. Jaza mirija mitano ya jeli yenye miligramu 0, 1, 2, 4 na 8 za bariamu salfeti kwa mililita, ipige picha kwenye mashine utakayotumia, chora mstari wa HU dhidi ya kiasi, usome humo. Ini lisilo na dawa huwa HU 50 hadi 60 hivi. Kwa awamu ya ateri, yaani mara dawa inapofika kupitia ateri, ambapo saratani ya ini kwa kawaida hung'aa kuliko ini, panda juu ya ini kwa HU 30 hadi 50. Kwa awamu ya baadaye, inapofifia, shuka chini yake. Awamu mbili zinahitaji vielelezo viwili. Ukibadili kilovolti, rudia mirija, kwa sababu mstari wa bariamu na iodini hubadilika na nishati.

Mwisho, zamisha sanduku katikati ya ndoo ya maji yenye kipenyo cha sm 30 hivi kabla ya kupiga picha. Sanduku la sm 10 likiwa peke yake hewani hupitisha miale kirahisi mno, picha hutoka safi bila chembechembe, na kivimbe ambacho kingepotea ndani ya mgonjwa huonekana bila shida.